Kupima Sukari ya Damu Nyumbani, na Daftari Lake

Siku hizi katika nyumba nyingi za watu wetu imeingia mashine ndogo itoshayo katika kiganja cha mkono, ambayo kazi yake ni kupima sukari iliyomo katika damu. Mara nyingi imeletwa na mtoto atokaye mjini, kwa kuwa mama au baba ameambiwa hospitalini kwamba ana ugonjwa wa kisukari. Siku ya kwanza hupimwa watu wote wa nyumbani, hata na jirani. Siku ya pili hupimwa mgonjwa peke yake. Baada ya majuma machache mashine yalala kabatini, au yatumika kila siku wala hakuna ajuaye hesabu zile zina maana gani. Basi nia ya somo hili ni kueleza jinsi ya kuipima sukari vizuri, na zaidi sana jinsi ya kuiandika. Maana hesabu isiyoandikwa pamoja na saa yake na sababu yake haimfai mgonjwa wala tabibu.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyo mwilini. Chakula chetu kingi, kama ugali, ndizi, wali, mihogo na viazi, hugeuka tumboni kuwa sukari, ijapokuwa hakikutiwa sukari hata chembe. Sukari hiyo huingia katika damu, na insulini itokayo katika kongosho huifungulia njia ya kuingia mwilini ipate kuwa nguvu. Kwa mwenye kisukari insulini haipo, au haitoshi, au mwili hauitii. Kwa hiyo sukari yabaki katika damu, na kwa miaka mingi yaharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na miguu. Yafanya hivyo pasipo maumivu. Mtu aweza kukaa na sukari ya 13 au 14 miezi mingi, naye ajiona mzima, alima na kwenda sokoni. Ndiyo sababu hatuwezi kuitegemea hali ya kujisikia vizuri.

Watu wa zamani waliujua ugonjwa huu kwa mkojo. Matabibu wa Bara Hindi tangu kale waliona kwamba sisimizi huukusanyikia mkojo wa wagonjwa hawa, na katika karne ya 17 Thomas Willis, tabibu Mwingereza, aliandika kwamba mkojo wao ni mtamu kama asali. Baadaye ikapatikana njia ya kuuchemsha mkojo pamoja na dawa ya buluu, nayo ikageuka rangi kuwa ya kijani, au manjano, au nyekundu kama tofali, kwa kadiri ya sukari iliyokuwamo. Njia hiyo iliwasaidia wengi, lakini mkojo ni shahidi anayechelewa. Figo hazimwagi sukari mpaka ile ya damu ipite karibu 10, na sukari ikishuka mno mkojo hausemi neno lolote. Insulini ilipatikana mwaka 1921 huko Toronto, nchi ya Kanada, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best na wenzao, na Januari 1922 akadungwa kijana wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson. Lakini kwa muda wa karibu miaka 50 baada ya hapo, waliojidunga nyumbani walijidunga kama mtu atembeaye gizani.

Mwaka 1969 mhandisi mmoja wa Marekani, Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari tangu utoto, aliona katika gazeti la wauza vyombo vya hospitali habari za mashine ya kupima sukari kwa tone la damu. Uzito wake ulikuwa ratili 3, na bei yake dola 650, tena haikuuzwa ila kwa madaktari na hospitali. Mkewe alikuwa daktari, basi akainunua kwa jina la mkewe. Akaanza kujipima mara nyingi kila siku na kuandika, akajua ni chakula gani na ni kiasi gani cha insulini kilichompandisha na kumshusha. Madaktari wengi wa wakati ule hawakupenda wagonjwa wajipime wenyewe. Alipokwisha kupita umri wa miaka 40 akaingia chuo cha utabibu, akawa daktari, apate kusikilizwa. Mimi naona neno moja la kuangaliwa katika habari hii: mashine ya Bernstein ilikuwa nzito na duni kuliko zetu, lakini alikuwa na daftari.

Sasa juu ya kupima kwenyewe. Mgonjwa anawe mikono kwa sabuni na maji, kisha aikaushe vizuri. Neno hili watu hulidharau, kumbe ni kubwa. Aliyemenya chungwa au embe na kujipima pasipo kunawa, tone lake la damu huchanganyika na sukari ya tunda, na mashine itasema sukari iko juu sana, hali si kweli. Maji ya kawaida na sabuni yatosha. Spirti si lazima, na vidole vilivyolowa huliharibu tone. Atoboe ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, maana katikati huuma zaidi, na abadilishe vidole. Vipande vile vyembamba vya kupimia, ambavyo wengi huviita stripu, vikae ndani ya kichupa chake chenye kifuniko, mahali pakavu pasipo jua wala moto wa jikoni, na tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake iangaliwe. Kisindano cha kutobolea ni cha mtu mmoja tu. Ile desturi ya kuwapima jirani wote kwa kisindano kimoja ni ya hatari, kwa kuwa hueneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Na kama jirani akionekana ana hesabu ya juu, asiambiwe kwamba ana kisukari. Aambiwe aende zahanati au hospitali akapimwe huko.

Hesabu husomwa kwa namna mbili. Mashine nyingi za kwetu zahesabu kwa milimoli kwa lita, na nyingine, hasa zitokazo Marekani, kwa miligramu kwa desilita. Ukizidisha ile ya kwanza kwa 18 utapata ya pili, hivyo 7 ni sawa na 126. Mzee mmoja akimwambia mwenzake, "Yangu ni 140," na mwenzake akisema, "Yangu ni 9," huenda yule wa 9 akajivuna bure, maana 9 ni sawa na 162. Wengi wenye kisukari hupewa na matabibu wao shabaha ya kuwa kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 ikipita saa moja au mbili tangu waanze kula. Lakini kwa mzee sana, au mwenye moyo mgonjwa, au mama mjamzito, tabibu huweka shabaha nyingine. Kwa hiyo kila mgonjwa aulize shabaha yake mwenyewe, na iandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Wala asifadhaike akijipima mara mbili akaona 9.6 na 10.3. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 huruhusu mashine hizi kupishana na maabara kwa asilimia 15 juu au chini, hata 10 yaweza kuwa 8.5 au 11.5. Tena mwenye upungufu mkubwa wa damu aweza kusomewa juu kuliko kweli; tabibu wake na ajue.

Tufike kwenye daftari. Si lazima liwe la namna ya pekee. Daftari la shule lafaa. Liandikwe tarehe, saa, hesabu, dawa iliyotumiwa na kiasi chake, chakula, na kazi aliyoifanya mgonjwa au neno lililompata, kama homa, safari, msiba au harusi. Tutwae mfano wa mama mmoja ambaye hudungwa insulini asubuhi na jioni, naye mjukuu wake ndiye anayemwandikia. Hizi ndizo hesabu zake za jioni, kabla ya kula, katika juma moja:

Jumatatu, 8.0. Alikaa nyumbani.
Jumanne, 3.4. Alipalilia mahindi.
Jumatano, 7.6. Alikaa nyumbani.
Alhamisi, hakupima.
Ijumaa, 3.1. Alipalilia, akala mchana kwa kuchelewa.
Jumamosi, 8.3. Alikwenda sokoni kwa gari.
Jumapili, 13.8. Arusini, pilau na soda.

Mtu akizijumlisha hizo 6 na kuzigawanya atapata karibu 7.4, naye atasema, "Bibi yu salama." Lakini wastani huo wamficha mama yule hatari yake. Mara mbili katika juma moja sukari yake imeshuka chini ya 3.9, mahali ambapo mtu aanza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa, na asiposaidiwa aweza kuzirai au kufa. Kama daftari lingekuwa na tarakimu tupu, tabibu angeona tu hesabu zinazopanda na kushuka pasipo mpango. Kwa kuwa kazi imeandikwa, mpango waonekana mara moja: siku za jembe. Mwili unaofanya kazi hutumia sukari, na insulini ya asubuhi bado yafanya kazi yake mchana, basi viwili hivi vyashusha pamoja. Tabibu aliye na daftari hilo aweza kumpunguzia insulini ya asubuhi siku za kupalilia, au kumwagiza ale kitu shambani kabla ya adhuhuri, au yote mawili. Na ile 13.8? Hiyo ni ya arusi. Haifai kumwongezea mtu dawa ya kila siku kwa sababu ya Jumapili moja.

Kosa jingine ni la kupima saa ile ile siku zote. Tuseme mzee mmoja hujipima kila asubuhi kabla ya chai, na hesabu zake ni 6.8, 7.1, 7.0, 6.9. Afurahi. Kisha hospitalini apimwa kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho chaonyesha sukari ilivyokuwa kwa muda wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, aambiwa ni asilimia 8.5, yaani wastani wa karibu 11. Ashuku maabara. Kumbe wote wawili wamesema kweli. Asubuhi yake ni njema, lakini hakuna ajuaye yanayotendeka baada ya sahani ya ndizi ya mchana na ugali wa usiku, kwa sababu hakupima wakati huo. Mtu wa namna hii apime kwa jozi: kabla ya chakula, tena saa mbili baada ya kuanza kula, leo kwa chakula cha asubuhi, kesho kwa cha mchana, kesho kutwa kwa cha jioni. Kwa njia hiyo atajua katika siku chache ni sahani ipi impandishayo, naye aweza kuipunguza pasipo kujinyima zote. (Kipimo cha HbA1c nacho chaweza kudanganya kwa wenye selimundu au waliopungukiwa damu, neno ambalo katika nchi zetu halina budi kukumbukwa.)

Najua kwamba stripu ni ghali, na wengi hununua za kuhesabu. Basi zisitumiwe ovyo. Mwenye kutumia insulini ndiye mwenye haja kubwa, naye apime kama alivyoagizwa, hasa kabla ya kujidunga. Mwenye kutumia vidonge kama glibenklamidi aweza kushuka, naye apime kila anapojisikia vibaya. Bali yule ambaye ashika chakula tu, au atumia metformini peke yake, uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kupima kila siku kwampa faida ndogo. Yafaa zaidi aziweke stripu zake kwa siku 3 mfululizo kabla ya kwenda kliniki, apime mara kadhaa kila siku, na kwa siku za homa au dawa inapobadilishwa. Fedha iliyobaki na inunue mboga na maharagwe.

Kwamba kazi hii ina thamani kwa watumiao insulini haina shaka. Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa Marekani na Kanada uliofanywa kwa watu 1,441. Wale waliojipima mara nyingi na kuirekebisha insulini kwa kuzifuata hesabu walipata madhara machache sana ya macho, figo na mishipa ya fahamu kuliko wenzao. Lakini hao hao walishukiwa vikali na sukari mara nyingi zaidi, karibu mara tatu. Basi mwenye kujitahidi kuiteremsha sukari ajue pia namna ya kuipandisha. Ikiwa chini ya 3.9, anywe mara moja maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vidogo vya sukari, au nusu gilasi ya soda yenye sukari, angoje dakika 15, apime tena. Ikiwa bado chini, arudie, kisha ale chakula. Aliyezimia asimiminiwe kitu kinywani, maana kitampalia. Apelekwe hospitali upesi. Na mashine ikionyesha HI, maana yake sukari imepita upeo wa kusomeka, na LO maana yake imeshuka chini ya upeo. Hayo yote mawili si ya kungojewa hata kesho. Kadhalika mwenye hesabu ya juu sana ambaye atapika, ana kiu isiyokatika, au avuta pumzi nzito za haraka, aende usiku huo huo.

Limebaki neno ambalo vitabu vya mashine havilisemi. Daftari nyingi si za kweli. Mwaka 1984 huko Marekani yalichapishwa matokeo ya uchunguzi ambao wagonjwa walipewa mashine zenye kumbukumbu ndani yake, wasiijue. Daftari zao zilipolinganishwa na kumbukumbu ile, ilionekana kwamba wengi waliandika hesabu wasizozipima, na kuziacha au kuzipunguza zile zilizowaaibisha. Hawa hawakuwa watu wabaya. Walitaka kumpendeza daktari. Na kwetu ni vivyo hivyo, pengine zaidi. Mama huona 15, mara kijana wake auliza kwa ukali, "Mama, umekula nini tena?" Afika kliniki, mwuguzi aliyechoka amkemea mbele ya watu. Safari nyingine mama aandika 8 kila siku, 8 na 8 na 8, na tabibu amwacha na dawa ile ile isiyotosha, na macho yake yaendelea kufifia. Nani aliyemponza mama? Mimi nasema ni sisi tuliomkemea. Kwa hiyo watoto wenye wazazi wagonjwa, na ninyi walimu na wainjilisti mnaowaandikia wazee wasiojua kusoma, ipokeeni kila hesabu kwa sauti moja, ya juu na ya chini, mkiuliza tu, "Mama, twandike nini hapa pembeni?" Tena yaliyomo katika daftari ni siri ya mgonjwa. Hayatajwi katika mazungumzo ya nje ya kanisa.

Na hesabu njema nayo ina mtego wake. Mtu akiona 5 na 6 juma zima, husema, "Nimepona," akaiacha dawa. Ni dawa iliyozileta 5 na 6 zile. Wapo pia wanaoiacha insulini baada ya kuombewa, kwa kuwa siku ile mashine ilisoma vizuri. Mimi ni mchungaji, nami huwaombea wagonjwa. Lakini kijana ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, akiiacha sindano aweza kufa katika siku chache, na aliyemshauri hivyo amemfanyia ubaya mkubwa. Anayefikiri kwamba amepona alipeleke daftari lake kwa tabibu, na tabibu ndiye apunguze dawa, kidogo kidogo, huku akipima. Kadhalika asiyeridhika na hesabu ya leo asijiongezee dawa yeye mwenyewe kwa hesabu moja, isipokuwa kama amefundishwa na kuandikiwa kiasi.

Siku ya kliniki mgonjwa achukue daftari na mashine yenyewe pamoja na stripu zake, maana mashine nyingi za sasa zina kumbukumbu, na mwuguzi aweza kuilinganisha na kipimo cha pale. Aseme mapema, kabla ya kuulizwa mengine, zile siku sukari iliposhuka. Visindano na stripu zilizokwisha kutumika zitiwe katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, iwekwe juu watoto wasipofika, na ikikaribia kujaa ipelekwe zahanati. Zisitupwe katika shimo la taka, wala bandani, ambako ng'ombe hulishwa na watoto huokota.